Skrubu Nne za Mzee Jonas

Sajenti Natalia alitandika turubai nje ya ile stoo iliyoungua, akaanza kupanga vipande kimoja kimoja, vikubwa kwanza na vidogo baadaye, kama mama anayetoa vyombo kabatini siku ya mgeni. Bawa moja zima, jeupe, jepesi kama ganda la muwa. Bawa la pili nusu. Pangaboi dogo la mkiani, limepindwa na moto. Mota ya kukaa kiganjani. Jicho la kamera, kioo kimepasuka katikati. Na mabaki ya betri: vifuko vilivyovimba vikapasuka, vikaacha masizi yenye harufu kali inayong'ang'ania kooni.

Betri hizo ndizo zilizomwua Mzee Jonas. Alikuwa nahodha wa dagaa hapa Karema kwa miaka thelathini, na mvuvi wa dagaa bila taa ni sawa na mkulima bila jembe. Kwa hiyo wavu ulipomletea kidude hicho kutoka ziwani wiki iliyopita, mzee hakuona silaha. Aliona betri. Akaziunga na taa zake, akalala humo humo stooni kuzilinda, na Jumatano ukawaka moto usiojali maji wala mchanga. Alizikwa Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, upepo wa ziwa unapeperusha majivu mpaka kwenye vichanja vya majirani.

Simu ya Natalia ikalia. Aliyepiga alikuwa luteni wa jeshi, fundi wa mabomu, aliye ndani ya gari kutoka Mpanda.

"Sajenti, picha zako nimeziona. Hiyo si ndege ya kupiga picha za harusi."

"Nilihisi hivyo, afande."

"Ni ya kuvizia. Inarushwa, inazunguka angani nusu saa, hata saa nzima, kama mwewe anayetazama vifaranga. Mwenyewe yuko mbali, anaangalia kwenye kioo. Akimwona anayemtaka, ndege inashuka na kulipuka naye. Ikitumwa hairudi nyumbani."

"Na hii?"

"Hii ilipoteza njia kwenye vita vya ng'ambo, ikaanguka ziwani. Sasa nisikilize. Nyuma ya kamera kuna pete ya chuma. Unaiona?"

Natalia aliiokota. "Ipo. Ina matundu manne."

"Skrubu zipo?"

"Hakuna hata moja."

Ilisikika ngurumo ya gari tu kwenye barabara mbovu.

"Basi kichwa kimetolewa. Kichwa ndilo bomu lenyewe. Ukubwa wa chupa ya chai, kilo mbili na ushei, rangi ya kijani. Kingekuwemo humo siku ya moto, usingekuwa na stoo ya kupiga picha. Kiko hapo hapo kijijini, Sajenti. Kimeshaanguka kutoka angani, kimelowa, kimefunguliwa na bisibisi ya mvuvi. Kinaweza kukaa miaka kumi. Kinaweza kuondoka na watu leo, mtu akikiangusha vibaya. Ukikiona usikiguse."

"Mtafika saa ngapi?"

"Saa kumi, barabara ikipenda."

Konstebo Manyanda alikuwa amesimama pembeni, daftari mkononi, ameyasikia yote ya simuni. Alikuwa Msukuma wa makamo, mwenye miaka kumi na miwili katika kituo cha Karema. Alijua kila mtu na kila mbwa. "Afande," akasema, "tunajichosha bure. Dieudonne tuliyemweka mahabusu anajua kilipo. Watu wamemsikia kwa masikio yao akimtishia mzee. Tumpeleke Mpanda, huko atasema."

"Subiri kwanza," Natalia akajibu.

Aliingia tena stooni, akakagua ile rafu ya chuma ambayo moto uliilamba tu. Palikuwa na makopo ya maziwa matatu. La kwanza ndoano. La pili misumari iliyonyooshwa kwa nyundo. La tatu skrubu, zote zimeshika kutu, isipokuwa nne za juu kabisa: nyeusi, fupi, za ndugu mmoja. Akachukua moja, akaijaribu kwenye ile pete. Ikaingia kama kidole ndani ya pete ya ndoa.

"Umeona, Konstebo? Mwizi haweki skrubu kwenye kopo la mwenye nyumba. Jonas alikifungua mwenyewe, tena bila haraka. Na mtu anayetunza skrubu nne hawezi kutupa kilo mbili za chuma."

Alichomoa uzi mrefu kwenye mfuko wa shati, akapima upana wa ile pete, akafunga fundo. Uzi akaurudisha mfukoni.

*

Dieudonne alikuwa ameketi sakafuni mahabusu, mgongo ukutani. Alivuka ziwa kutoka Kongo miaka sita iliyopita, na yote sita alikuwa akivuta wavu kwenye mtumbwi wa Mzee Jonas. Jumamosi vijana walitaka kumpiga mawe. Kumfungia ndani kulikuwa pia kumficha.

Natalia alivuta kigoda. "Jumanne ulimwambia mzee maneno gani?"

"Nilisema atakufa na kile kitu. Na amekufa."

"Ulikuwa unamtisha?"

"Maman Sajenti, mtu akiona nyoka kwenye blanketi ya baba yake, atasema polepole?"

Manyanda akaguna mlangoni. Natalia hakugeuka. "Ulijuaje kuwa ni nyoka?"

Dieudonne alitazama viganja vyake vilivyochanika kwa kamba. "Kwetu zilikuja mara tatu. Inalia kama pikipiki iko mbali, inazunguka, inazunguka. Kuku zinainama chini, zinafikiri ni mwewe. Watoto wetu wamejifunza: ikilia vile vile, haijakuona. Sauti ikibadilika, kimbia. Ile ya tatu ilizunguka juu ya soko tangu asubuhi mpaka watu wakaizoea. Wakaendelea kuuza mihogo." Akavifumba viganja. "Mke wangu alikuwa anauza mihogo."

Nje mtu alipita na baiskeli inayolialia mnyororo. Natalia aliiacha ipite.

"Kichwa kiko wapi, Dieudonne?"

"Miye nilimwambia akitupe kwenye kina. Akacheka. Akasema, chuma kizuri hivi unataka kuwapa samaki? Akakipangusa na shati yake, akaenda nacho."

"Stooni?"

"Hapana, nyumbani. Nilimwona anaingia nacho mlango wa mbele. Bawa na betri ndizo zilikwenda stooni."

"Mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza nani aliniuliza? Waliniuliza nimechoma moto na petroli ya nani."

Manyanda akafunga daftari. Walipotoka nje akasema kwa sauti ya chini, "Maneno matamu, afande. Lakini mzee alikuwa akiuza vitu. Alex wa vyuma chakavu yuko pale mwaloni, penye mitumbwi. Huenda chuma kiko kwenye mizani yake."

Lilikuwa wazo la maana, na Natalia aliliheshimu.

Uwanja wa Alex ulikuwa na lundo la mabati, majembe yaliyokufa na mashine za boti. Natalia alilizunguka mara moja, na mara ya pili akasimama ghafla. Chini ya rimu ya baiskeli kulikuwa na kitu cha duara, cha kijani, kimechomoza kiasi cha shubiri.

"Manyanda, rudi nyuma. Wewe Alex, hicho ulikipata lini?"

Alex alikitazama kile kitu. Kisha akaangua kicheko cha woga. "Dah! Sista afande, hiyo ni pampu ya kupulizia dawa ya tumbaku! Ilitoka Kakese. Tazama mpini wake huo hapo."

Kweli mpini ulikuwepo. Natalia alipangusa paji la uso kwa kitambaa.

"Mzee Jonas hakukuletea chochote?"

"Jonas? Yule mzee nimembembeleza miezi mitatu aniuzie nanga iliyokatika. Aliniambia kila chuma kina kazi yake, kinasubiri tu kupangiwa. Huyo hauzi chuma, sista. Anakiajiri."

Natalia aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo njiani. Kama chuma kiliingia mlango wa mbele, na kama mzee hakuwa na chuma kisicho na kazi, basi kile kichwa kilipewa kazi ndani ya nyumba.

*

Kasilda, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Natalia alivua viatu, akaketi naye chini; Manyanda akasimama nyuma na daftari lake.

"Pole tena, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu. Mungu ndiye mpangaji."

"Nisamehe nikikurudisha kule kule kwa jana. Hapa ndani hakuna kitu kilichoibiwa?"

"Hakuna."

"Wala silaha uliyoiona? Bomu?"

"Bomu lililomwua mume wangu liliungulia stooni. Mimi bomu lingine silijui."

Upepo ukaja kutoka ziwani, mlango ukajipigiza pa! Kasilda akasonya, akanyanyuka kwa shida, akasukuma jiwe kwa mguu kuuzuia. Jiwe likabingirika. Mlango ukajipigiza tena.

Natalia hakuutazama mlango. Alitazama sakafu. Ilikuwa ya udongo, imepigwa vizuri kwa udongo mweupe, na kando ya kizingiti palikuwa na alama ya duara, imebonyea kidogo, laini, kama kisahani kilichokandamizwa kwenye unga. Akatoa uzi mfukoni. Akaulaza juu ya alama. Fundo likaangukia pale pale ukingoni.

"Mama, hapa palikuwa na nini kabla ya jiwe?"

"Chuma cha huyo baba. Alikileta Jumanne ile. Akaniambia, mke wangu, miaka yote unagombana na mlango huu, leo nimekuletea mlinzi." Kasilda akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu likafa.

"Kiko wapi?"

"Kimekwenda."

"Kimeibiwa?"

"Afande! Nimekwambia jana, nimekwambia leo. Watu wamekuja kunizikia mume wangu, niwaite wezi?"

Natalia aliinua macho ukutani. Palikuwa na msumari mtupu, na chini yake ukuta umechakaa kwa kofia iliyotundikwa miaka na miaka. Pembeni, ndoano mbili za kutundikia kasia, nazo tupu.

"Kofia ya mzee iko wapi?"

"Imekwenda."

"Kasia je?"

"Lilikwenda, tumelikomboa jana kwa jogoo. Kofia tutaikomboa arobaini."

Kalamu ya Manyanda ikaacha kuandika. Natalia alimsikia akivuta pumzi, akageuka. Uso wa konstebo ulikuwa umebadilika kama wa mtu aliyekumbuka chungu alichokiacha motoni.

"Afande," akasema. "Watani."

Mzee Jonas alikuwa Mfipa, na Wafipa wana watani wao Wanyamwezi tangu enzi za mababu. Katika msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuleta kicheko. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anabeba chochote jicho lake litakachokipenda, na mwenye msiba hana haki ya kununa. Baadaye kitakombolewa. Akichukua mtani hakuna anayesema wizi. Ndiyo maana siku tatu nzima Natalia aliuliza swali moja, nini kimeibiwa, na kijiji kizima kikamjibu ukweli.

"Ijumaa nilikuwepo mazikoni," Manyanda akaendelea, anasema na sakafu. "Agatha Mnyamwezi alitoka mlango huu na kitu amekifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Akakibembeleza njia nzima mpaka makaburini. Anakirusharusha, anakipigapiga matako, anasema, nyamaza mwanangu, baba yako mvivu, amekuachia dagaa bila kuanua. Watu walicheka. Padri aliinamisha uso. Na mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi."

"Uliona ni kitu gani?"

"Niliona kijani kidogo juu ya kanga." Akameza mate. "Umeniuliza habari za wizi tangu Jumamosi, afande, na za bomu tangu asubuhi. Mimi sikuwa nimeona bomu. Niliona utani."

Kasilda alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Mlinzi wa mlango?" akauliza. "Ndiye huyo? Nimelala naye nyumba moja!"

*

Pikipiki waliiacha mbali, wakaenda kwa miguu. Nyumba ya Agatha ilikuwa mwisho wa kijiji, na yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya jiko, ameinama juu ya pipa la kulowekea mihogo, mikono yote miwili imezama mpaka kwenye viwiko. Mgongoni alikuwa na mtoto, safari hii mtoto wa kweli, mjukuu wake, amelala kwenye ile ile kanga.

Alipowaona akacheka. "Eeh! Wafipa wamekosa jogoo, sasa wameniletea polisi!"

Manyanda alitaka kusema. Natalia alimshika mkono.

"Hodi, mama Agatha. Unafanya nini hapo?"

"Si mihogo yangu hii! Siku ya nne leo, imelainika, natoa jiwe nikaanike."

"Jiwe gani?"

"Mtoto wa Jonas! Mzito, hata mihogo haielei. Huyu siwarudishii hata wakinipa mbuzi. Ngoja nimtoe mumwone."

Mabega yake yakapanda. Maji meupe yakainuka pamoja naye.

"Mama," Natalia akasema, na sauti yake ilikuwa ile ambayo mtu huitumia karibu na mtoto aliyelala. "Usimtoe. Mrudishe alale kama alivyokuwa. Polepole. Usimwachie mpaka aguse mihogo."

"Kwani ana nini?"

"Nitakwambia ukifika hapa niliposimama."

Agatha alimtazama usoni. Mtani anajua mzaha, na kwa sababu hiyo anajua pia mahali pasipo mzaha. Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Akashusha mikono, inchi kwa inchi, mapovu madogo yakipanda na kupasuka juu ya maji. Akasubiri. Akatoa mkono mmoja. Akatoa wa pili. Maji ya mihogo yalimchuruzika kwenye vidole huku akija, hatua baada ya hatua, wala hakuthubutu kumgusa mtoto mgongoni.

Waliwaondoa watu wa nyumba saba, pamoja na bibi mmoja aliyekataa kuacha bata wake. Hatua mia tano, kwenye uwanja wa mpira, ndipo Natalia alipomweleza Agatha.

"Nilimbeba mpaka makaburini," Agatha akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilimrusharusha."

"Ndiyo."

Alifungua fundo la kanga kifuani, akampokea mjukuu mikononi, na kanga akaiacha ianguke.

*

Wanajeshi walifika saa kumi na robo. Kabla ya hapo Natalia alikuwa amemtuma Manyanda, na Manyanda alirudi na Dieudonne, bila pingu. Mbele ya watu wote wa uwanjani Natalia akasoma daftari lake: kwamba Mzee Jonas alifungua kile kitu kwa mkono wake, kwamba moto ulitoka kwenye betri, na kwamba mtu aliyepiga kelele Jumanne alikuwa akimwonya. Vijana wa Jumamosi walitazama vidole vya miguu yao.

"Hatutasogea kabla ya kuona," luteni akasema. Akatoa kwenye sanduku ndege ndogo ya mapangaboi manne, akairusha ikachungulie lile pipa.

Ikaanza kulia, mbali, ikizunguka.

Kasilda alikuwa amekuja na jogoo kwapani. Jogoo alishusha kichwa, akajibana kwenye mbavu zake. Na Dieudonne, mwanamume wa kifua kipana anayevuta wavu peke yake, alianguka chini kifudifudi, mikono kisogoni, akajisukuma kwenye nguzo ya goli kana kwamba ardhi ingempisha.

Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Funga mdomo wako!" Ilikuwa sauti ya Agatha. Yeye ambaye kazi yake ni kucheka alimpa Kasilda mjukuu, akaokota kanga yake mavumbini, akaenda akamfunika Dieudonne mabega, akaketi chini kando yake. Aliweka mkono wake mgongoni kwake, akawa anampigapiga taratibu, mpaka ile sauti iliposhuka na kuzimika.

Saa kumi na mbili kasoro wakalipua. Ardhi iliruka chini ya nyayo zao, na bata wa yule bibi wakatawanyika. Vumbi lilipotulia, pale palipokuwa na pipa na jiko palikuwa na shimo, na vipande vyeupe vya mihogo vilining'inia kwenye majani ya migomba mpaka nyumba ya tatu.

Kasilda alimrudishia Agatha mtoto. Kisha akamwekea jogoo miguuni.

"Mtani, nimekuja kukomboa."

"Sina cha kukurudishia, mtani. Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Chukua."

Agatha alifungua mdomo kutafuta neno la utani, kwa maana mtani hapokei kimyakimya. Halikuja. Akampokea jogoo.

Natalia aliketi kwenye ngazi ya gari la jeshi, akafungua daftari. Juu ya ukurasa wa Jumamosi alikuwa ameandika: Vitu vilivyoibiwa, hakuna. Hakuufuta mstari huo. Akageuza ukurasa mpya.

"Konstebo Manyanda, njoo ukae hapa. Nahitaji maelezo ya shahidi aliyekiona Ijumaa."

Manyanda alivua kofia, akaketi.

"Nianzie wapi, afande?"

"Anzia mlangoni," akasema. "Pale ulipoanza kucheka."